Kijana wa Maskati na siri yake

Waalaykum salaam mwanangu, barua yako nimeisoma yote. Kwa wasomaji wengine, dada huyu alikuwa anafanya kazi hoteli Nungwi, watalii walipokatika Machi 2020 kwa ajili ya korona akarudi kwao Wete, Pemba, na kwenye grupu la WhatsApp la watu wa kwao akajuana na kijana wa Chake alioko Maskati, Oman, na mji ule ulifungwa tokea tarehe 10 Aprili mpaka 29 Mei, kwa hivo kijana yumo ndani tu, Ramadhani nzima wanaongea mpaka daku. Sasa kazi zimerudi, kijana anajibu meseji kwa shida, khalafu kamwambia asimwambie mtu kwao. Anauliza, "shangazi, ananipenda au nilikuwa wa kupotezea muda tu?"

Mwanangu, usikubali mtu akwambie mapenzi ya simu si mapenzi. Umeandika kwamba saa zao ziko mbele, jua linawazamia mwanzo, basi yeye akila tende moja na maji, futari yake anaiacha mpaka asikie kwenye simu adhana ya Wete ndo mle pamoja. Mtu mwenye njaa ya saum kukusubiri nusu saa na sahani iko mbele yake, mie hilo siliiti mchezo.

Hilo la kujibu kwa shida halinitishi. Ulimjua wakati hana pa kwenda, sasa yuko dukani Ruwi, huko huko Maskati, asubuhi mpaka usiku, anarudi kachoka, ndo kwanza unamjua mtu wa kazi, usimpimie kwa zile saa za karantini maana hata ungeolewa nae hazirudi zile.

Linalonikera ni hiyo siri. Kwa nini usijulikane? Mamake yuko Chake, na Wete na Chake ni gari moja tu. Najua ndege za Maskati zimefunguliwa tokea Oktoba 2020 lakini wala sikwambii umlazimishe aje, tiketi ni pesa na likizo mpaka bosi atake. Ila posa haitaki ndege! Anampigia mamake, mamake anamwambia mjomba, wazee wanakuja kwa babako na barua yao, na watu wenu wanapata nafasi ya kuulizia, ana mke huyu, anaswali, ana madeni, kule anaishi na nani, na kwa Pemba yetu hii haipiti wiki majibu yote yashafika. Hata ndoa yenyewe anaweza kuweka wakala ikafungwa yeye yuko huko huko. Sasa mwanamme mwenye nia, njia zote hizo zipo, anaficha nini?

Mwandikie leo, kwa upole, usigombe: "Nakupenda, na nataka mamako anijue kwa jina langu. Utamwambia lini?" Basi, usiongeze kitu. Na zile picha za bila mtandio anazoomba usitume hata moja, akikasirika mwache akasirike.

Na wewe kwa upande wako mwambie mamako, ukimuogopa anza na mama mdogo, usibaki na jambo hili peke yako usiku na simu mkononi. Kijana akikujibu "subiri kwanza", muulize anasubiri nini khasa, na atakalokujibu niandikie tena.