Kabla hujabadilisha ile rangi kwa mara ya kumi

Wewe uliyeanza juzi CSS, lugha ya kupamba kurasa za tovuti, ukurasa ukigoma, toa kwanza mikono kwenye kibodi. Sisi tuliotangulia tumekesha mara nyingi tukirekebisha msimbo ambao kivinjari hakikuwa hata kimeusoma.

Mimi yalinikuta. Tovuti ilikuwa inang'aa kwenye kompyuta yangu ya Windows. Kuipandisha kwenye seva tu, ikabaki maandishi meusi juu ya weupe, uchi kabisa. Nikafuta, nikaandika upya, nikalaumu seva. Kumbe faili nililiita Mtindo.css, na ndani ya HTML, yaani faili la ukurasa wenyewe, nikaandika mtindo.css. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo. Kwa Linux, mfumo wa ile seva, hayo ni mafaili mawili tofauti.

Tangu hapo swali langu la kwanza ni hili: amri yangu imefika? Naupaka body wote, yaani mwili mzima wa ukurasa, rangi nyekundu. Ni njia ya kishamba, lakini haidanganyi. Usipoona wekundu, achana na kile ulichokuwa unakirekebisha. Kagua jina la faili, folda lilipo, kisha bonyeza Ctrl+Shift+R ili kivinjari kilichukue upya badala ya kukuonyesha nakala ya zamani.

Wekundu ukionekana, bonyeza F12 kufungua zana za kivinjari, chagua kile kitu kinachokusumbua, usome orodha ya mitindo yake. Amri yako haimo? Pengine umekosea jina la klasi (lebo ya kundi la vitu), au kuna bano hukulifunga huko juu. Imo lakini ina alama ya onyo? Angalia nukta mkato. Ukiisahau baada ya color: red, mstari unaofuata unamezwa na yote miwili inatupwa. CSS haina kelele, inaruka kosa na kuendelea na safari.

Imepigwa mstari katikati? Imeshindwa na amri nyingine. Id moja, jina la kitu kimoja tu, hushinda klasi hata zikiwa kumi. Hapa ndipo wengi hukimbilia !important, neno la kulazimisha amri ishinde, nami nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Inafanya kazi, mpaka siku unapotaka kuishinda hiyo nayo. Afadhali umtafute aliyekushinda. Kivinjari kinakutajia faili na mstari alipo.

Kuna pia visa ambavyo amri imefika na imeshinda, ila hesabu ndiyo imekutupa. Sanduku la upana wa pikseli 300, padding (nafasi ya ndani) 20 kila upande na mpaka wa 1, linachukua 342. Weka box-sizing: border-box, inayohesabu vyote ndani ya upana, linarudi 300. Na z-index (namba ya nani akae juu ya nani) ya 9999 haitakusaidia ikiwa mzazi, yaani kitu kinachokibeba hicho kingine, ana opacity (kiwango cha kuonekana) ya 0.9 au transform (amri ya kusogeza au kugeuza): mtoto hapandi nje ya boma la mzazi wake, namba iwe kubwa vipi.

Halafu ule wekundu uondoe kabla ya kupandisha. Mimi niliwahi kuusahau, na mteja ndiye aliyenipigia simu.