Nani alisamehe, nani alipigana?

SWALI: Kazini kwetu ubishi hauishi. Wakristo wanasema Yesu alisamehe, Mtume Muhammad akapigana. Waislamu wanawarudishia Vita vya Msalaba. Tulinganishe vipi kwa haki? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapo tayari mmepotoka. Huyu anamtaja mwenye ujumbe, yule anajibu kwa wafuasi walioingia vitani mwaka 1096. Wafuasi wawekeni kando kwanza.

Kisha angalieni kila mmoja alikuwa na mamlaka gani. Yesu alihubiri chini ya Warumi, hana askari wala mji. Usiku wa kukamatwa, mwanafunzi wake alimkata sikio mtumwa wa kuhani mkuu. Yesu akamwamuru arudishe upanga, na kwa maelezo ya Luka 22:51, akaligusa lile sikio likapona. Ni msamaha wa mtu anayefungwa kamba.

Muhammad alivumilia mateso ya Makka miaka 13 bila kupigana. Madina akawa kiongozi: mikataba, hukumu, vita. Msiruke yaliyo magumu. Mwaka 627 wanaume wa Bani Quraydha, kabila la Kiyahudi la Madina, waliuawa kwa hukumu ya Saad bin Muadh, sahaba wa Mtume, naye Mtume akaiafiki. Ibn Ishaq, mwandishi wa awali wa maisha ya Mtume, anataja waliouawa 600 hadi 900. Wala msiruke Januari 630, alipoingia Makka na watu wapatao 10,000. Wachache walitajwa kwa majina wauawe, na baadhi yao baadaye wakasamehewa. Umati wa Makureshi, kabila la Makka lililompinga, uliachiwa huru. Wahshi, aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, kwa mkuki katika vita vya Uhud, alikuja kusilimu akapokewa. Katika Bukhari, mkusanyo wa hadithi, Mtume alimwomba jambo moja tu: kama anaweza, asimwonyeshe uso wake. Kwangu hapo ndipo panapogusa zaidi: amesamehe, na jeraha bado bichi.

Tahadhari nyingine: Mkristo akileta Luka 23:34, "Baba, uwasamehe", Mwislamu hatalipokea, kwa kuwa Qur'ani, An-Nisaa 4:157, inakanusha kusulubiwa kwa Nabii Isa. Mtazunguka palepale hadi jioni.

Someni badala yake Mathayo 5:39 na Ash-Shura 42:40, aya nzima na zilizo jirani. Ya kwanza inamtaka aliyepigwa shavu la kuume ageuze na la pili. Nyingine inaruhusu ubaya ulipwe kwa kiasi chake, kisha inampa ujira kwa Mwenyezi Mungu anayesamehe na kusuluhisha. Tofauti ya kweli iko hapo. Bishaneni juu ya hiyo.