Barua kwa mwanangu: Umejitoa kwa nani?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, nami nimeisoma mara tatu, mara mbili peke yangu na mara moja kwa sauti mbele ya mama yako, ambaye alinyamaza muda mrefu kisha akaniambia nikujibu kwa ukamilifu wala nisikuandikie kwa haraka.

Umeniuliza mtu anajuaje kuwa amejitoa kabisa kwa Mungu, na kama kweli amejitoa, kwa nini haoni nguvu. Umeeleza kuwa mhubiri wa huko mnakosali hufundisha kwamba nguvu za Roho Mtakatifu hazimshukii mtu anayebakiza kitu, kwamba kujitoa huanza kwa kumtii mtumishi wa Mungu bila kuuliza, na kwamba wewe, uliyekwisha kutoa mshahara wako wote wa Januari kuwa malimbuko, umeambiwa bado kuna jambo unalizuia. Sasa umeandika ahadi nyingine kwenye bahasha, na unafikiri kukopa ili uitimize.

Nusu ya kwanza ya mafundisho hayo ni kweli, na ndiyo maana yanashika moyo wa mtu mwaminifu kama wewe. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, akajibiwa kuwa uweza wa Bwana hutimilika katika udhaifu. Wala sisi wa Kagera hatuwezi kuyadharau mahubiri ya kujitoa, kwa maana ndiyo yaliyotulea. Unajua habari ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa watu kutubu na kukiri dhambi zao hadharani, lakini sijapata kukueleza ulivyoanza. Mwaka 1929 daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho, baada ya njaa kubwa iliyoikumba Rwanda, alikokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini. Huko Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba kuhusu Roho Mtakatifu. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenea Uganda na Kenya, ukavuka mpaka ukaingia kwetu Buhaya.

Nataka uangalie kwa makini moto ule ulianza kuunguza wapi. Ulianza kwa waliokuwa juu. Wamisionari wazungu, katika siku za ukoloni, walisimama mbele ya Waafrika wakakiri majivuno yao ya rangi, na walimu wa kanisa wakatubu mbele ya wanafunzi. Ndugu wa Uamsho waliita hali hiyo kuvunjika, na kuishi hivyo siku kwa siku wakakuita kutembea katika nuru. Aliyehubiri kujitoa alikuwa amekwisha kujitoa mbele ya macho ya watu, nao waliweza kumuuliza.

Babu yako alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, na kwa misimu kadhaa aliiba ratili mbili tatu katika kila gunia. Mwaka 1959, nikiwa na miaka saba, alirudi kutoka kwenye mkutano wa ndugu, asubuhi akauza ng'ombe wetu wa maziwa, akanichukua tukaenda nyumba kwa nyumba. Nakumbuka hasa nyumba ya mjane mmoja. Baba alipiga magoti juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, akafungua leso yenye shilingi, akaeleza alichofanya bila kutafuta maneno ya kujipunguzia aibu. Yule mama alizihesabu fedha mapajani mwake, polepole, kisha akauliza: “Hizi ni za kahawa. Na mwaka ule mwanangu alioukosa shuleni kwa kukosa ada, utaurudisha kwa nini?” Baba hakuwa na jibu. Alibaki pale chini, na mimi nikasimama mlangoni nikimwona baba yangu akilia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kazi aliipoteza, kwa kuwa chama nacho alikiambia.

Sasa linganisha na bahasha yako. Kwa babu yako, kujitoa kulitoa mali mkononi mwa mwenye mamlaka kukaipeleka kwa mjane. Kwako, kunatoa mali mkononi mwa muuguzi anayepanga chumba kimoja kukaipeleka kwa mwenye mamlaka. Maneno ni yale yale, ila njia ya fedha imegeuzwa.

Unasema mlisomewa habari ya Anania na Safira, wale mume na mke walioanguka wakafa mbele ya Petro, ili muogope kubakiza. Soma tena Matendo sura ya 5, mwanangu, pole pole. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata lilipouzwa thamani yake ilikuwa katika uwezo wake. Hakuuawa kwa kubakiza. Kosa lake lilikuwa uongo, kutaka aonekane ametoa chote ilhali hakutoa. Na Petro huyo huyo, Kornelio alipomwangukia miguuni, alimwinua akamwambia asimame, kwa kuwa yeye naye ni mwanadamu. Simoni yule mchawi alipoleta fedha ili apate uwezo wa kuwawekea watu mikono wapokee Roho, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Ikiwa mitume hawakupokea magoti wala fedha kwa ajili ya nguvu hizo, sioni mtu wa leo amepata wapi ruhusa.

Kuhusu lile neno la “msiwaguse masihi wangu”, ambalo umeniandikia kuwa hutamkwa kila mtu anapouliza habari za mapato, hilo limo katika Zaburi ya 105, na linamhusu Ibrahimu na uzao wake walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Waliokemewa ni wafalme. Inaniuma kuona neno lililotolewa kuwalinda wanyonge dhidi ya wakubwa likitumiwa kumlinda mkubwa dhidi ya muuguzi aliyetaka kujua mshahara wake umefanya kazi gani.

Tena kujitoa hakumwondolei mtu maswali. Bwana mwenyewe pale Gethsemane aliomba kwanza kikombe kimwondokee, akaomba kwa uchungu, ndipo akasema mapenzi ya Baba yatendeke. Mtazame pia Janani Luwum, ambaye Uamsho ulimgusa kule Acholi, kaskazini mwa Uganda, mwezi wa Januari 1948, akawa Askofu Mkuu wa Anglikana wa Uganda mwaka 1974. Mtu huyo alifundishwa kuvunjika tangu ujana wake, na ungedhani angekuwa wa kwanza kuinamisha kichwa. Lakini mwezi wa Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin, mtawala wa Uganda wakati huo, barua ya kupinga mauaji na maonevu. Tarehe 16 ya mwezi huo akauawa, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Nimefikiri sana juu yake, na ninaamini kuwa kwa sababu alikwisha kujisalimisha kwa Mungu, hapakubaki kitu ambacho Amin angeweza kukidai. Anayekuambia kuwa kujitoa ni kuacha kuuliza hajui, au hataki ujue, jambo hilo.

Sisemi kwamba Roho hayuko kwenye makanisa mapya. Dada yangu aliokolewa huko, na maisha yake ni ushuhuda. Wala Uamsho wetu haukuwa bila doa. Wapo ndugu waliowalazimisha watu kukiri hadharani mambo yaliyovunja ndoa, na wapo waliomhesabu asiyelia kuwa hajaokoka. Nilimwona shangazi yangu akiacha kwenda kanisani kwa ajili hiyo. Nguvu za kiroho zikimilikiwa na mtu huanza kuumiza, hata zikianza vizuri. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa pale Moshi kwa kukanyagana, wakikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Walikuwa watu wenye shida za kweli, na shida hizo ndizo zilizowakimbiza. Siwezi kuzungumza habari yao bila kukufikiria wewe katika umati kama ule.

Unauliza kwa nini huoni nguvu. Bwana alipowaahidi wanafunzi wake nguvu, alisema papo hapo kuwa watakuwa mashahidi wake. Mwaka jana uliniandikia kuwa ulikataa kusaini daftari la dawa ambazo hazikuwa zimefika wodini, ukahamishwa zamu kwa sababu hiyo, na bado hukusaini. Uliniambia kuwa magoti yalikutetemeka. Hukuiita nguvu, wala hakuna aliyekupigia vigelegele, lakini mimi niliposoma nilimkumbuka babu yako. Miaka kumi baada ya kufukuzwa kazi, watu wa kijiji walikuwa wakimletea fedha zao za msimu awatunzie ndani ya sanduku lake la mbao, na yule mjane alikuwa mmoja wao.

Ahadi ya kwenye bahasha usiitimize kwa mkopo. Mungu hakukukopesha, wala hakutuma mtu akukopeshe ili umlipe. Nenda kwa mhubiri wako, umweleze hivyo kwa heshima, ana kwa ana, na umsikilize atakavyojibu. Akivumilia swali lako, mshukuru Mungu na uendelee kusali naye. Akikutisha, utakuwa umepata jibu ambalo mimi siwezi kukuandikia kutoka huku. Kodi ya miezi mitatu nimekutumia kwa simu asubuhi hii, mama yako ameongeza kidogo kwa ajili ya chakula.

Ukija Desemba tutapita kwa mjukuu wa yule mjane. Lile sanduku babu aliliacha kwao.

Ni mimi baba yako.