Ukienda Kumasi kuona Akwasidae, vaa viatu vinavyovulika haraka

Jamani wale mlioniuliza kuhusu safari ya Ghana, leo ndo naandika kuhusu Akwasidae, sikukuu ya Waasante kwenye ikulu ya mfalme wao pale Kumasi, na naanza na nguo maana ndo zilizonitia aibu. Jumapili asubuhi natoka gesti nimepiga kitenge changu chekundu na cheusi, najiona nimependeza naenda kwa mfalme, mama mwenye gesti ananiangalia juu mpaka chini afu ananiuliza taratibu nimefiwa na nani. Kumbe kwa Waasante nyekundu na nyeusi ni za msiba. Nikarudi ndani kubadilisha.

Akwasidae iko kila baada ya siku 42, huwa Jumapili, kwenye ikulu ya Manhyia, so ulizia tarehe kabla hujakata tiketi, ukiikosa ni wiki sita zingine. Wahi kivuli pia. Na ujue wakati wewe uko uani unasikilizia ngoma za fontomfrom, tambiko lenyewe ni la ndani, kwenye chumba cha vigoda vyeusi vya wafalme waliotangulia, wanapelekewa viazi vikuu vilivyopondwa na kumiminiwa kinywaji. Huko mgeni haingii, usisumbue watu kuomba.

Sasa akitoka mfalme mwenyewe, Otumfuo Osei Tutu II, yuko pale tangu 1999, mwavuli mkuubwa juu, dhahabu mikononi nzito kwelikweli, kila mtu anakodolea dhahabu na simu juu. Mi nakwambia angalia miguu. Mguu wa Asantehene, yaani mfalme wa Waasante, haukanyagi ardhi mtupu, na kumvua yale makubazi ndo alama ya kumtoa kwenye ufalme. Yaani utakatifu kaazimwa tu, sio wake. Wenyewe uko kwenye Kigoda cha Dhahabu, Sika Dwa Kofi, wanasimulia kwamba kuhani Okomfo Anokye alikishusha toka mbinguni kikatua mapajani kwa Osei Tutu wa kwanza, na roho ya taifa zima imo mle. Hakikaliwi, hata mfalme mpya anapotawazwa anashushwa juu yake bila kukigusa. Mwaka 1900 gavana wa Kiingereza, Hodgson, akadai aletewe akikalie yeye, hapo ndo Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu, akaongoza vita. Usiende ukitegemea kukiona, kinatolewa mara chache mno. (Mfalme wao Prempeh wa kwanza alikuwa kashakamatwa tangu 1896, wakaja kumtupa Shelisheli, na huko huko walikuwepo Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, sijui jioni walikuwa wanapiga stori gani wale watu.)

Kingine, utaona wazee wameshika fimbo zenye sanamu ya dhahabu kichwani, hao ni akyeame. Mi nikadhani ni wakalimani, nikamsogelea mmoja anitafsirie Kitwi, lugha yao, akanitazama tu. Kumbe mfalme hazungumzi na watu moja kwa moja, neno lake linapita kwa okyeame, yaani mmoja wa hao wazee, na la kwako vilevile. Kwenye fimbo moja kuna mkono umeshika yai, maana yake madaraka ukiyabana yanapasuka, ukilegeza yanaanguka. Niliitazama ile muda mrefu kuliko kitu chochote siku hiyo.

Mkono wa kushoto sina haja ya kuwafundisha, hilo tumelelewa nalo. Ila kukunja nne mbele ya machifu nilisahau, kijana mmoja wa ikulu akanigusa goti, nikashusha mguu fasta. Ukisalimia waliokaa, anzia kulia kwako uende kushoto, na wanaume wakifika mbele wanashusha kitambaa begani na kuvua viatu. Mimi nilikuwa na raba za kamba, fundo mbili mbili, nimeinama pale nahangaika na foleni nzima nyuma yangu inasubiri, bibi mmoja akacheka mpaka akashika mbavu.