Maswali na majibu: Fungua rejesta kwanza

Shikamoo daktari. Nasoma uuguzi Dodoma. Naomba dodoso la kupima kama wauguzi wanafuata ushahidi wa kitafiti wanapohudumia wagonjwa.

Marahaba. Barua hii huja kila msimu wa tafiti za wanafunzi, na ni nadra mwandishi kutaja huduma anayotaka kuipima. Dodoso lipo, la Upton na Upton la mwaka 2006: maswali 24, mhudumu anajipa alama 1 hadi 7. Utakachopata humo ni jinsi muuguzi anavyojiona. Ukitaka kupima maarifa, upo mtihani wa Fresno wa mwaka 2003, unaomtaka mtu aunde swali la kitabibu na aeleze atakavyolitafutia jibu. Matendo huyapati kwenye dodoso wala kwenye mtihani huo.

Chagua jambo moja ambalo ushahidi wake umeshatulia, kisha fungua rejesta. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Chukua rejesta ya wagonjwa wa nje, shusha kidole kwenye safu ya mRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, na kila penye hasi angalia mgonjwa ameandikiwa nini. Hasi iliyofuatwa na dawa mseto ya malaria, ihesabu. Hesabu pia wenye hasi walioondoka na antibayotiki bila sababu yoyote kuandikwa. Usugu wa dawa tunautengeneza hapo, na madodoso hayaugusi.

Baada ya semina ya siku tatu, alama za wahudumu wangu zimepanda sana. Naweza kuripoti kwamba huduma imeboreka?

Hapana. Ripoti kwamba wamefaulu mtihani.

Niko timu ya afya ya wilaya. Tukikaa chumba cha daktari na kuangalia, kila mmoja anafuata mwongozo. Kwa nini basi wananchi wanalalamika?

Kwa sababu mmekaa chumbani. Watafiti Leonard na Masatu walilichunguza hili mkoani Arusha na kuchapisha mwaka 2006. Waliwauliza wagonjwa wakitoka: daktari amekuuliza nini, amekupima wapi? Watafiti walipoingia chumbani ubora ulipanda ghafla, halafu ukashuka taratibu, na baada ya wagonjwa 10 hadi 15 daktari akawa amerudia mwendo wake wa kila siku. Ninyi mnaangalia wagonjwa wanne, mnasaini kitabu cha wageni, mnaondoka. Kaeni siku nzima, au msiingie kabisa: simameni nje muwaulize wanaotoka. Na msiende na karipio. Mhudumu anayeogopa barua ya onyo atajaza rejesta vizuri kuliko anavyotibu.

Mimi ni mkunga. Tunapimwa kama tunawapa mama magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, na mara nyingi stoo haina. Ni haki?

Si haki, na kipimo chenyewe kina kasoro. Ushahidi wa dawa hii hauna ubishi: utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Anayekagua aandike mambo mawili mbalimbali: siku hiyo dawa ilikuwepo? Na kama ilikuwepo, mama alipewa? Akiyachanganya, uzembe wa ugavi unabebeshwa mkunga. Wewe nawe andika kwenye faili, kila mara, kwamba dawa haikuwepo. Faili lisilosema kitu litakuhukumu.

Huu ushahidi si wa Wazungu? Mazingira yetu ni tofauti.

Hoja hii nimeichoka, maana kila mara inatetea mazoea. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011 ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa dripu kwa kasi walikufa wengi kuliko wasiomiminiwa: ndani ya saa 48, takriban 10 au 11 kati ya 100, dhidi ya 7. Watoto wenye kuhara sana hawakuwemo, kwa hiyo asitokee mtu wa kuwanyima hao maji kwa kisingizio cha barua yangu. Ndugu yangu, nenda wodi yako ya watoto, toa mafaili ya waliolazwa na homa mwezi uliopita, uone dripu iliingia kwa kasi gani na nani aliiagiza.