Pen na pencil si ndugu

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi na mwenzangu tumebishana mpaka tumenuniana. Yeye anasema maneno ya Kiingereza yakifanana basi yametoka sehemu moja, eti pencil ni mtoto wa pen, na female ni male iliyoongezewa fe mbele. Mi naona ananipiga kamba ila sina ushahidi. Na pia desert na dessert nazitofautishaje, maana kwenye kuandika nakosea kila siku.

JIBU: Marahaba. Mwenzako kaamini macho tu, na kwenye spelingi za Kiingereza macho yanadanganya sana.

Pen imetoka kwenye penna ya Kilatini, yaani unyoya, si unajua zamani walikuwa wanachonga unyoya wa ndege wanachovya kwenye wino wanaandika. Pencil nayo ni Kilatini ila neno lingine kabisa, penicillus, brashi ndogo, na ukilifuata nyuma zaidi unakuta limezaliwa na neno la mkia! Waingereza wenyewe mwanzoni wakisema pencil walimaanisha brashi ya mchoraji, halafu karne ya 16 ikapatikana grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, kule Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, watu wakaanza kuandikia vipande vyake na jina likahamia huko. Sasa ndugu wa damu wa pencil ni nani? Penisilini, dawa ile ile unayoijua. Yule kuvu inakotoka dawa hiyo ukimwangalia kwenye hadubini ana vishada kama vibrashi, ndo maana wataalamu walimwita Penicillium, na mwanasayansi Alexander Fleming alipogundua mwaka 1928 kwamba anaua bakteria, dawa ikabeba jina la kuvu. Kuna na pen nyingine, zizi la mifugo, hiyo ni Kiingereza cha kale na hao wengine haiwahusu.

Female ndo kali zaidi. Male ilitoka kwenye masculus ya Kilatini ikapitia Kifaransa. Female ilitoka kwenye femella, binti mdogo, ikaingia Kiingereza ikiwa femelle, watu wakaona hii si inaendana na male, wakaipinda spelingi mpaka ikafanana. Kwa hiyo huo ufanano anaoutolea ushahidi ulitengenezwa na watu waliofikiri kama yeye.

Island, yaani kisiwa, hivyo hivyo. Zamani iliandikwa bila s, ni neno la Kiingereza chenyewe, halafu wakaifananisha na isle, nayo maana yake kisiwa, ambayo asili yake ni insula ya Kilatini, wakaichomekea s ambayo haijawahi kutamkwa na inasumbua wanafunzi mpaka leo.

Ila usimcheke sana, woman na man hapo angepatia. Woman ilikuwa wifmann, wif ni mwanamke na mann ni mtu, kwa hiyo hao ni ndugu kweli.

Haya, desert ya jangwa ni Kilatini, mahali palipotelekezwa. Dessert ni Kifaransa, inatoka kwenye kitenzi cha kuondoa vyombo mezani, yaani kitamu kinacholetwa vyombo vya chakula vikishaondolewa. Ukiandika ikate vipande viwili, des halafu sert, ile sert ni ukoo wa serve, hapo s zote mbili zinajileta zenyewe. Angalizo, kuna desert ya kutoroka au kutelekeza, ina s moja ila inatamkwa kama dessert, hiyo ukiisikia sikiliza sentensi nzima kwanza ndo uandike.