Kombaini ya mpunga kutoka Igawa hadi Chimala

Mkuu, umeuliza kama unaweza kupita lami na kombaini, yaani mashine ya kuvunia mpunga, ikiwa na kichwa chake cha kuvunia. Nakuomba sana, kifungue ukipakie kwenye tela kwa urefu. Kikibaki mbele kinavuka hadi upande wa pili, na hiyo ndiyo njia ya malori ya Zambia. Kibali cha upana kaulize TANROADS (wakala wa barabara) Mbeya mapema.

Kinachosahaulika ni breki. Shambani tunaachanisha pedeli mbili za breki, ya gurudumu la kushoto na ya la kulia, ili kukata kona; barabarani zifunge pamoja na komeo lake. Usipofunga, ukikanyaga moja kwa kasi mashine inageuka ghafla. Ondoka kumepambazuka kabisa, pikapu mbele na nyuma, na foleni ikirefuka tafuta sehemu pana uwapishe.